Mkate wa Kumimina Haukatwi wa Moto

Mpunga wa Rufiji umezoeleka kwa wali, lakini nikitaka kumjua mpishi wa Kibiti, au wa huko delta ambako mashamba ya mpunga yamepakana na mikoko, natazama mkate wake wa kumimina. Mahitaji hayana siri: mchele, nazi, sukari, hiliki na hamira. Siri iko mikononi.

Mchele hulowekwa usiku kucha, ukachujwa, ukasagwa pamoja na tui zito lililokamuliwa kwa kifumbu. Hapo jicho la mpishi linaanza kazi. Unga wa ngano ukikandwa hujenga utando unaovutika, nao ndio unaozuia hewa ya hamira. Mchele hauna utando huo. Mapovu yake yanazuiwa na uzito wa uji wenyewe: ukiwa mwepesi hewa yote hupanda ikapotea, ukiwa mzito mno mkate hauumuki. Mpishi huinua upawa, akautazama uji unavyoteremka, akaongeza tui kidogo, au akaacha. Hana kipimo kingine, na hakihitaji.

Ukishaumuka humiminwa kwenye sufuria ya moto iliyopakwa mafuta. Makaa machache chini, mengi juu ya mfuniko. Huko kupalia ndiko ninakokustahi kuliko yote katika upishi wa pwani, kwa sababu mpishi anapika kitu asichokiona. Anasikia harufu tu. Hutangulia hiliki, hufuata nazi, kisha sukari inayoanza kuungua ukingoni. Hapo makaa ya chini huondolewa hata kabla mfuniko haujaguswa.

Kisha ni kungoja. Wanga wa mchele ukiwa wa moto hunata, na kisu huuvuruga mkate. Ukipoa hushikana, vipande vikakatika safi na matundu yote yakaonekana. Ndiyo maana Ramadhani, katika nyumba isiyo na jokofu, mkate huepuliwa mapema alasiri, ukapinduliwa kwenye sinia, ukafunikwa kawa na kuwekwa penye upepo mpaka adhana ya magharibi. Jokofu huupoza upesi zaidi, lakini ubaridi mkali huukakamaza mchele, na ule ulaini uliotafutwa tangu usiku wa kuloweka hupungua. Mimi nachagua wa kwenye kawa, na nikipewa ruhusa, kipande cha ukingoni.