Sakafu Isiyo na Boriti

Mwenye kuzoea majumba ya zege, ambamo boriti hukatizana chini ya dari na kupokea uzani wa sakafu kabla ya kuukabidhi kwa nguzo, akiingia katika ghala alilolijenga Robert Maillart katika mtaa wa Giesshübel mjini Zürich mwaka 1910, hataona boriti hata moja: ataona nguzo za pembe nane zinazopanda wima, kisha zinapokaribia juu zikatanuka kwa mpindo mwororo mfano wa uyoga, hata zikashikana na dari tambarare pasipo kuonekana mahali nguzo ilipokoma na sakafu ilipoanza. Faida zake si haba. Kimo cha ghorofa hupungua bila ya nafasi ya ndani kupungua, mwanga wa dirishani hupenya bila kizuizi, na seremala anayeandaa mbao za kumwagia zege hutandika uwanja mmoja sawasawa badala ya kuunda mfereji wa kila boriti. Walakini linalostahili nadhari ni kujua ile kazi ya boriti sasa inafanywa na nani.

Maillart hakuwa wa kwanza. Huko Marekani C. A. P. Turner alikwisha kulijenga jumba la Johnson-Bovey mjini Minneapolis mwaka 1906, akilitandikia sakafu nondo za pande nne, mbili sambamba na safu za nguzo na mbili za kwenda hanamu, zote zikikutana juu ya kichwa cha nguzo. Maillart, aliyeanza majaribio yake mwaka 1908, alitosheka na pande mbili tu, na kwa rai yangu yeye ndiye aliyeelewa zaidi. Kwani sakafu ya zege si mkusanyiko wa boriti zilizofichwa, bali ni kitu kimoja kinachopinda pande zote kwa pamoja, na kurundika matabaka manne ya nondo mahali pale pale ambapo zege halina budi kupenya na kushika ni kumtwika fundi taabu isiyo na malipo.

Katika miaka hiyo wajenzi wengi, kwa kuwa sakafu hubeba kwa pande mbili, walidhani kwamba nusu ya mzigo huenda upande mmoja na nusu upande wa pili, na kwamba kwa hivyo nondo zaweza kupunguzwa sana. Mwaka 1914 J. R. Nichols aliibatilisha dhana hiyo kwa hisabati nyepesi. Chukua eneo la sakafu baina ya nguzo nne, ulikate katikati, kisha upime nguvu zinazokiweka kipande kimoja katika utulivu: momenti ya kupinda iliyo katikati, ikijumlishwa na ile iliyo kwenye safu ya nguzo, haina budi kutimia thumuni ya mzigo wote uliozidishwa kwa urefu wa nafasi, ukitoa punguzo linaloletwa na upana wa kichwa cha nguzo, na sharti hilo ni la kila upande kwa ukamilifu wake, wala si la pande mbili kugawana. Turner alimpinga vikali, na wenzake wakaleta ushahidi wa majengo yaliyopakiwa mizigo na nondo zake zikaonyesha mkazo mdogo. Lakini mkazo ulikuwa mdogo kwa sababu zege ambalo halijapasuka hubeba nalo sehemu ya mvuto, msaada ambao mhandisi hana haki ya kuutegemea, maana hutoweka nyufa zikija. Pamoja na hayo kanuni za Marekani ziliendelea kuridhika na 0.09 mahali ambapo thumuni, yaani 0.125, ndiyo iliyokuwa haki, hadi mwaka 1971.

Na kupinda siyo khatari kubwa, kwani sakafu inayopinda aghalabu hulegea na kuonya. Khatari kubwa ipo shingoni mwa nguzo, ambapo uzani wote wa eneo hukusanyika katika mzingo mfupi, na zege likishindwa hapo nguzo huitoboa sakafu kwa ghafula. Katika duka kuu la Sampoong mjini Seoul, lililoporomoka tarehe 29 Juni 1995 na kuua watu 502, kipenyo cha nguzo kilikuwa kimepunguzwa kutoka sentimita 80 hadi 60, huku ghorofa ya tano na mitambo ya kupozea hewa juu ya paa vikiongeza uzani. Mzingo wa nguzo ya 80 ni sentimita 251, na wa 60 ni 188. Robo nzima imekwenda, na anayetazama chumba kutoka chini huona nguzo nyembamba yenye kupendeza.

Kile kichwa kilichotanuka cha Maillart, basi, hakikuwa pambo: kiliurefusha mzingo huo. Mjenzi wa leo anayetaka dari tupu bila ya kichwa hana budi kulipa kwa unene wa sakafu au kwa nondo za kuzuia kutoboka, na zaidi ya hayo apitishe walau nondo mbili za tabaka la chini, kwa kila upande, ndani ya nguzo yenyewe. Kwa sababu sakafu ikitoboka, nondo za juu hulibandua zege jembamba linalozifunika na kung'oka, ilhali zile za chini hubaki zimeikamata sakafu ikining'inia, isiangukie ya chini yake.