Kujiigiza Mwenyewe: Tathmini ya Upana wa Uigizaji wa Amri Athumani (King Majuto)

Amri Athumani, aliyejulikana zaidi kwa jina la King Majuto, husifiwa kwa moyo mmoja na kuhakikiwa kwa sentensi moja: kwamba alikuwa akijiigiza mwenyewe. Kauli hiyo hutolewa kwa nia njema. Sehemu hii inaipinga, kwa kuwa inafuta kazi ya takriban miaka sitini, na kwa kuwa athari zake, kama itakavyoonekana, hazikuishia kwenye skrini.

Kauli hiyo ina kipimo nyuma yake. Kwa kipimo hicho, mwigizaji mkubwa ni yule anayepotea ndani ya mhusika, na mfano unaofaa ni Max von Sydow wa Sweden (1929–2020). Katika The Seventh Seal ya Ingmar Bergman (1957) ni askari wa Vita vya Msalaba anayecheza sataranji na Mauti. Katika The Exorcist (1973) ni padri mkongwe, ilhali mwenyewe alikuwa bado katika miaka ya arobaini. Katika Flash Gordon (1980) ni mtawala dhalimu wa sayari ya mbali, na katika Pelle the Conqueror (1987) ni kibarua fukara, mjane, aliyehamia Denmark na mwanawe. Upana huu unahesabika kirahisi kwa sababu kila mhusika ana jina lake na mwigizaji ana lake. Kwa Majuto hesabu inakwama mapema. Katika sehemu kubwa ya kazi zake mhusika naye huitwa Majuto, na mtafiti anayetaka kujaza safu ya “jina la mhusika” hujikuta akiandika neno lilelile ukurasa mzima.

Je, kurudiwa kwa jina ni ushahidi wa kukosa upana? Jibu linapaswa kutafutwa kwanza katika sanaa iliyomlea. Majuto alizaliwa Tanga mwaka 1948 na alianza kupanda jukwaani mwaka 1958, akiwa mtoto wa takriban miaka kumi. Vichekesho vya jukwaani vya Tanzania havikutegemea muswada. Waigizaji walikubaliana juu ya tukio na mwisho wake, kisha kila mmoja akabuni maneno papo kwa papo, akiisikiliza hadhira. Jina la mchekeshaji lilikuwa sehemu ya mkataba na hadhira hiyo. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa Said Ngamba, yaani Mzee Small, aliyefariki mwaka 2014. Fasihi simulizi inaufahamu utaratibu huu tangu zamani. Abunuwasi katika ngano moja ni maskini asiye na chakula, katika nyingine yumo barazani kwa mfalme, katika ya tatu anamuumbua kadhi. Hakuna mhakiki aliyewahi kumlaumu fanani kwa kutombadilisha jina. Kinachobadilika ni mahali Abunuwasi anaposimama mbele ya wenzake, na ni hapo ndipo ustadi unapopimwa.

Kwa kipimo hiki, uigizaji wa Majuto una upana ambao kipimo cha kwanza hakiuoni. Amekuwa baba mwenye binti wa kuozwa, mzee anayetamani wasichana wa rika la wajukuu zake, mume anayeogopa mkewe, mtu wa shamba aliyeingia mjini. Akiwa baba, hupunguza maneno; macho ndiyo yanayomhoji mgeni. Akiwa yeye ndiye mposaji, ulimi humtangulia, na kila sentensi anayoongeza inamzamisha zaidi. Mfano ulio wazi kuliko yote ni pale alipokutanishwa na Hussein Mkiety, yaani Sharo Milionea, hadi kifo cha kijana huyo Novemba 2012. Sharo alikuja na lugha ya vijana, majigambo na mikogo ya mwendo. Majuto hakushindana naye kwa mikogo. Aliachia pengo la ukimya, akamtazama, kisha akajibu kwa Kiswahili cha Tanga kisicho na haraka. Mcheko unatoka katika lile pengo, na kujua urefu wake ni ujuzi, si tabia ya kuzaliwa.

Upambanuzi huu haumhitaji msomi. Katika vibanda umiza vya Mtwara mjini, kama vile katika kata ya Rahaleo, hadhira huweza kutazama kazi zake mbili au tatu kwa mfululizo. Diski hizo zilisafiri kwa basi kutoka Kariakoo, safari iliyopata nafuu baada ya Daraja la Mkapa kukamilika mwaka 2003. Filamu za kigeni hufika humo zikiwa na sauti ya mfasiri juu yake. Za Majuto hazikumhitaji. Hata hivyo, kwa mtazamaji aliyelelewa katika Kimakonde, Kiyao au Kimakua, lafudhi ya Tanga ni ya ugenini kidogo, hivyo huisikia kama kifaa kinachotumika: mara ni upole wa mzee, mara ni ujanja uliovikwa upole. Mtazamaji huyo hachanganyi baba wa filamu ya kwanza na mposaji wa filamu ya pili, japo wote ni Majuto.

Kukiri hayo hakufuti udhaifu. Kazi nyingi zilirekodiwa kwa pupa, kamera ikisimama kama mtazamaji aliyechelewa kupata kiti, na baadhi ya mizaha inayowalenga wanawake haina utetezi. Lakini udhaifu huo ni wa uongozaji, uzalishaji na mtazamo. Hauthibitishi kwamba hakuna uigizaji.

Suala hili lilipata uzito mwaka 2018. Majuto akiwa mgonjwa, malalamiko kuhusu mikataba yake ya matangazo ya biashara yalisikika hadharani, na Waziri wa Habari, Utamaduni, Sanaa na Michezo wa wakati huo, Harrison Mwakyembe, aliunda kamati ya kuipitia mikataba ya wasanii. Majuto alifariki Muhimbili tarehe 8 Agosti mwaka huo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mwigizaji kama mtendaji wa kazi ya sanaa. Lakini ikikubalika kwamba Majuto alijiigiza mwenyewe, tangazo linakuwa limenunua siku chache za mzee kuwa mbele ya kamera. Ikikubalika kwamba mhusika Majuto alibuniwa, akasuguliwa jukwaani tangu 1958 na kubebeshwa nafasi nyingi, basi kilichonunuliwa ni kiumbe cha sanaa chenye muumbaji wake, na bei yake haiwezi kuhesabiwa kwa siku.