Majarida ya Kigali na Mwenyeji Asiyeandikwa

Muhula uliopita tuliwapa wanafunzi wetu wa Kiswahili hapa Kigali insha yenye kichwa "Mtaani Kwetu". Mmoja wao, mzaliwa wa Gitega, ambaye hajapata kuvuka mpaka wa Rwanda, alituletea kurasa mbili safi, sarufi yake haina ila. Na ndani yake mlikuwa na daladala, soko la Kariakoo na upepo wa bahari. Tulipomwuliza bahari ya Gitega iko upande gani, alicheka, kisha akajibu kwamba hivyo ndivyo mitaa inavyoandikwa katika Kiswahili. Kicheko chetu hakikudumu. Mtoto huyu alikuwa amesema kweli juu ya vitabu tunavyompa.

Kwa sababu hiyo tumeona yafaa kuyatazama majarida ya mji huu, tujue yamemwona nani na yamempita nani. Historia yenyewe si ndefu. Magazeti ya Kinyarwanda hayakuanzia Kigali. Yalianzia Kabgayi, katika misheni ya Kikatoliki, ambako Kinyamateka lilitoka kwa mara ya kwanza mwaka 1933. Katika miaka ya 1950 watoto nao walipata jarida lao, Hobe. Kigali wakati huo ulikuwa mji mdogo, ulioanzishwa na Mjerumani Richard Kandt mwaka 1907, na ulipofanywa makao makuu ya nchi katika uhuru wa 1962 wakazi wake walikuwa elfu chache tu. Jarida la maisha ya mjini lahitaji mji kwanza. Msomaji aliyekusudiwa na Kinyamateka alikuwa mkulima na muumini. Jarida lilimfundisha, naye akasikiliza. Sauti ya mwalimu ndiyo iliyotangulia nchini, nasi tutaiona ikirudi.

Sauti nyingine, ile ya barazani na ya kilabuni, ilifika Kigali katika saa mbaya. Gazeti la Kangura lilianza mwaka 1990, pamoja na vibonzo na masengenyo yake. Redio ya RTLM ikafuata mwaka 1993, ikiwa na muziki, vichekesho, na watangazaji waliozungumza kama watu walioketi kwenye meza ya pombe. Wengi waliitegea sikio kwa kuwa ilipendeza. Ndani ya utani ule mlikuwa na mauti, na katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994 sauti zile zile ziliwataja watu wa kuuawa. Mwaka 2003 mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha ilimtia hatiani mhariri wa Kangura pamoja na waasisi wawili wa redio hiyo, na rufaa ya 2007, ingawa ilipunguza adhabu, haikuwatakasa. Mhakiki asiyeyaweka haya mbele ya macho yake hawezi kuyasoma kwa haki majarida yaliyokuja baadaye. Mji uliotendwa hivyo na kicheko huchukua muda mrefu kabla ya kukiamini tena.

Ndiyo maana, kwa maoni yetu, jarida la mji lilipozaliwa upya lilivaa joho la mwalimu. Mwaka 2010 lilitoka The ServiceMag, lililoasisiwa na Sandra Idossou, mwanamke mwenye asili ya Benin aliyekuwa akifanya kazi Kigali. Liligawanywa bure, kwa lugha tatu: Kiingereza, Kifaransa na Kinyarwanda. Mada yake ilikuwa moja, nayo ni namna mteja anavyohudumiwa. Kuna watakaosema kwamba hili lilikuwa jarida la biashara, lisiingizwe katika hesabu yetu. Sisi twaliingiza. Maisha ya Kigali ya miaka ile yalikuwa yakihamia kwenye kaunta: benki mpya, hoteli mpya, maduka mapya, na pande mbili za kaunta hiyo watu wawili wasiojua waambiane nini. Tena katika nchi ambayo malezi humfundisha mtu kunyamaza anapokosewa, kumwambia mteja kwamba anaweza kulalamika, tena kwa maandishi, ni jambo zito kuliko linavyoonekana. Wako wanafunzi wetu ambao hawajathubutu kumwambia mwalimu kwamba amekosea hesabu ubaoni. Kwa hilo twalisifu jarida hili bila kusita.

Hata hivyo mada ya namna hii, ishikwe kwa ustadi gani, humweka mwenyeji wa mji upande mmoja wa meza. Mnunuzi ndiye mwenye haki, na mhudumu ndiye mwenye somo la kujifunza. Yule binti anayeleta chai amekuja mjini kutoka wapi, analala na nani chumbani, nauli ya kurudi usiku huitoa nani? Maswali haya hayazaliwi katika jarida la huduma. Na asiye na fedha ya kuagiza chai hayumo kabisa.

Mwaka uliofuata, 2011, likaja Ni Nyampinga, kwa msaada wa mfuko wa kampuni ya Nike na wa serikali ya Uingereza. Hili ni la wasichana wa nchi nzima, si la Kigali peke yake, lakini katika Kigali lilipata makao. Lilikwenda pamoja na kipindi cha redio, na fahari yake kubwa ni kwamba wasichana wenyewe walifunzwa uandishi wakaenda kuwahoji wenzao. Twaona hapa hatua mbele: anayeandikwa ameshika kalamu. Lakini mlipaji anayetoa fedha kutoka mbali hutaka kuona matunda, na matunda yanayohesabika ni afya, masomo na akiba. Basi msichana huandika ili mwenzake anufaike. Ni jambo jema. Tungependa pia siku moja aandike kwa kuwa tu ameona kitu barabarani kikamchekesha.

Ili tueleweke, na tutoke kidogo nje ya Rwanda. Mjini Nairobi, mwaka 1973, Hilary Ng'weno na mchoraji Terry Hirst walianzisha jarida la Joe, lililodumu hadi 1979. Joe alikuwa mtu wa kawaida wa mjini, na jarida lilimtazama akihangaika na maisha ya siku zote, likacheka pamoja naye. Humo hamkuwa na mtu wa kumsahihisha Joe. Tusilipambe kupita kiasi, maana liliandikwa kwa Kiingereza, na maelfu ya watu waliofanana na Joe hawakuweza kulisoma. Wao walikuwa na Juha Kalulu wa Edward Gitau katika Taifa Leo, kwa Kiswahili, na twathubutu kusema kwamba Juha aliujua mji kwa karibu zaidi.

Hapo ndipo tunapofika kwenye shida yetu. Kiswahili si mgeni hapa Kigali. Wakoloni wa Kibelgiji waliwatenga Waislamu na wafanyabiashara katika mtaa wao wenyewe, na kutoka hapo Biryogo na Nyamirambo yamezungumza Kiswahili kizazi baada ya kizazi. Kwa muda mrefu kilidharauliwa kuwa lugha ya wachuuzi na wajanja. Rwanda iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, Kiingereza kikafanywa lugha ya kufundishia kwa uamuzi wa mwaka 2008, na Februari 2017 Bunge likapitisha sheria ya kukifanya Kiswahili lugha rasmi. Sheria ilipita, jarida halikuzaliwa. Mji wenye watu zaidi ya milioni 1.7 kwa hesabu ya 2022 hauna ukurasa ambao mtoto wa Nyamirambo aweza kusoma habari za Nyamirambo katika lugha anayoisikia dirishani. Akitaka Kiswahili, tunampa Dar es Salaam. Akitaka Kigali, anapewa lugha nyingine.

Tutaambiwa kwamba soko ni dogo. Huenda. Lakini tukumbuke Mambo Leo, lililoanzishwa Tanganyika mwaka 1923 na Idara ya Elimu ya serikali ya kikoloni. Hakuna jarida lililokuwa na sauti ya mwalimu kuliko hilo. Walioligeuza ni wasomaji, kwa barua na mashairi waliyoyatuma, Shaaban Robert akiwa miongoni mwao, hata mtu akawa analifungua kutazama kwanza wenzake wamesema nini. Mhariri alikuwa amewaachia nafasi, nao wakaijaza.

Nasi tumeanza kwa kilicho mikononi mwetu. Tumebandika ubao wa mbao tupu karibu na mlango wa darasa, na kila Ijumaa wanafunzi hupachika humo karatasi zao kwa Kiswahili, kwa sharti moja: kila jambo lililoandikwa liwe limeonekana Kigali na mwandishi mwenyewe. Toleo la kwanza lilikuwa na foleni ya mabasi ya Nyabugogo, bei ya chapati huko Biryogo, na mwendesha pikipiki anayewavalisha abiria wote kofia moja iliyo kubwa kwa kila kichwa. Kiswahili chake kilikuwa na makosa kuliko ile insha ya bahari, nasi hatukuyasahihisha yote. Kwa toleo la pili yule mwanafunzi wa Gitega ametuletea habari ya jirani yake, bila kumtaja jina, ambaye kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, watu wanapotoka kwenda umuganda, hupatwa na homa inayopona saa tano. Alisimama mlangoni na karatasi yake, akatuuliza kwa sauti ya chini kama inaruhusiwa kucheka. Tumempa pini.