Uhuru wa habari na uzito wa neno 'hasimu'

Mjini Isiolo, habari ya wizi wa mifugo haiishii gazetini. Husomwa na Mborana, Mturkana, Msamburu, Mmeru na Msomali, pengine wote wakiwa hoteli moja ya chai, kisha kila mmoja akarudi nayo kwao. Je, sisi tunaoandika tunaupima uzito wa kauli zetu?

Hebu tuichambue sentensi ya aina hii, ambayo si ngeni masikioni mwetu: 'Wezi wanaoshukiwa kuwa wa jamii hasimu walivamia boma.' Kitenzi 'kushukiwa' kingefaa kumhusisha mtu na kosa. Hapa kimehamishiwa kwenye kabila. Wizi hauna shaka tena. Kinachoshukiwa ni asili ya mtu. Kisha neno 'hasimu' linaingia bila ushahidi wowote, na jamii nzima, hata mama anayeuza maziwa ya ngamia sokoni, inageuzwa adui. Anayetafuta kisasi keshaonyeshwa pa kwenda.

Wapo watakaosema, basi tunyamaze tu. Mimi nakataa. Tukinyamaza, uvumi ndio utakaotawala, na uvumi hauna mhariri. Sheria ya usalama ya Desemba 2014 ilijaribu kuharamisha uchapishaji wa picha za waathiriwa wa ugaidi bila idhini ya polisi. Februari 2015, Mahakama Kuu ilibatilisha kifungu hicho. Ilifanya vyema: kalamu haiombi ruhusa kituoni.

Hata hivyo, Katiba iyo hiyo inayolinda uhuru wa kujieleza katika Kifungu cha 33 inasema wazi kwamba uhuru huo haujumuishi uchochezi wala matamshi ya chuki. Mwandishi anaweza kuukwepa mkono wa sheria na bado sentensi yake ikamwaga damu. Hapo ndipo ujuzi wa lugha unapohitajika.

Tuandike hivi: 'Watu wenye bunduki walivamia boma na kuiba ng'ombe.' Tuongeze mahali, saa na idadi. Msomaji kapunjwa nini? Iwapo kabila ndilo kiini cha habari, litajwe kwa ushahidi, na anayelitaja ajulikane. Lakini jina la shahidi na njia wanayopitia wafugaji wanaotoroka vinaweza kungoja hadi watu wawe salama.

Habari iliyocheleweshwa siku moja huchapishwa kesho. Aliyeuawa kwa sababu yake harudi.