'Put up' na Hesabu ya Maneno 850

Wako walimu wasemao kwamba ugumu wa Kiingereza u katika maneno marefu yaliyotoka Kilatini na Kiyunani. Sivyo. Neno refu aghalabu lina maana moja au mbili, na mwanafunzi akiisha kulitafuta katika kamusi, amelipata. Ugumu hasa u katika maneno mafupi ambayo adhani ayajua tangu mwaka wake wa kwanza, mathalan 'put' na 'up'. La kwanza ni kuweka, la pili ni juu; lakini yakikutana, mara nyingi huziacha maana hizo zote mbili.

Jambo hili wataalamu walilitambua zamani. Samuel Johnson, katika dibaji ya kamusi yake iliyotoka London mwaka 1755, alionyesha ya kuwa desturi hii ya kufuatisha neno dogo nyuma ya neno la kutenda ndiyo iwatiayo wageni taabu kubwa kabisa. Mwaka 1925 Logan Pearsall Smith, katika kitabu chake Words and Idioms, aliyaita maneno hayo 'phrasal verbs', jina alilopewa na Henry Bradley, mhariri mmojawapo wa kamusi kubwa ya Oxford.

Na tutazame 'put up' peke yake. Ikiwa ni mkono, maana yake ni kuinua, mwavuli, kuufungua, nyumba, kuijenga, hema, kulipiga, picha, kuitundika, tangazo, kulibandika, bei, kuipandisha. Ikiwa ni fedha, ni kuitoa kwa ajili ya shauri fulani. Mgeni ni kumpa malazi. Na mgeni mwenyewe akisemwa kwamba 'put up' katika nyumba fulani, maana amefikia huko. Mtu wa kuchaguliwa ni kumsimamisha. Tena likiongezwa neno la tatu, mambo hugeuka: 'put up to' ni kumchochea mtu atende neno, na 'put up with' ni kuvumilia. Mtu akisema kwa Kiingereza, 'They put up the teacher,' nani ajuaye kama mwalimu alipewa kitanda au alisimamishwa agombee kiti? Maneno yanayotangulia na yanayofuata ndiyo yaamuayo.

Wala kosa hapa si dogo. Katika tafsiri ya Kiingereza ya mwaka 1611, Yohana 18:11, Petro aambiwa 'put up' upanga wake, yaani aurudishe alani. Mwanafunzi ajuaye kwamba 'up' ni juu tu, atafahamu kuwa Petro aliamriwa kuuinua upanga, na hiyo ni kinyume kabisa cha agizo lenyewe. Hakukosa neno hata moja, ila amekosa maana yote.

Hapo ndipo tuna neno juu ya Kiingereza cha C. K. Ogden, kiitwacho Basic English, alichokitangaza mwaka 1930. Ogden alichagua maneno 850 tu, na katika hayo maneno ya kutenda ni 18. Nia yake ilikuwa njema, na uchaguzi wake ulifanywa kwa akili nyingi. Mwaka 1943 Winston Churchill mwenyewe alikisifu Kiingereza hicho mbele ya watu wa Harvard. Lakini je, hesabu ile ni ya haki? Katika orodha yake hamna 'tolerate'. Mwandishi hana budi kusema 'put up with'. Hamna neno la kutenda la kujenga. Basi atasema 'put up'. 'Put' limehesabiwa mara moja, na 'up' mara moja, na 'with' mara moja. Bali maana zizaliwazo na maneno hayo yakutanapo hazikuhesabiwa hata kidogo. Ni kama mtu ajisifuye kwamba mzigo wake umepungua, kumbe ameuhamisha kichwani akautia mgongoni. Kwa Mwingereza njia hiyo ni nyepesi, kwa kuwa maana zile alizinyonya pamoja na maziwa ya mama yake. Kwa mgeni, neno 'tolerate', ingawa ni refu, ni rahisi zaidi kulifahamu na kulikumbuka.

Labda msomaji atajibu, 'Mbona nasi tuna piga?' Ni kweli. Twapiga pasi, twapiga magoti, twapiga hodi, twapiga chapa, wala hakuna aliyepigwa. Tena twasema 'potelea mbali' pasipo kufikiri urefu wa njia, kama vile Mwingereza asemavyo 'drink up' wala hakuna kilichopanda juu, ila kikombe kimekwisha. Basi tusiwacheke Waingereza. Lakini tofauti ipo: katika piga, jina lifuatalo humwonyesha msikilizaji njia, maana asikiapo pasi au hodi, ameelewa. Katika 'put up with' hakuna neno hata moja limwonyeshalo kwamba habari ni ya uvumilivu.

Kwa hiyo yafaa mwalimu asiandike ubaoni orodha ya maana kumi na mbili, ikaririwe kama hesabu ya kuzidisha. Na afundishe neno pamoja na kitu chake: nyumba leo, mgeni kesho, bei siku nyingine. Tena awaonyeshe wanafunzi kwamba nyingi za maana hizi zina ukoo: mkono, nyumba, tangazo, na mtu wa kuchaguliwa, vyote huinuliwa vipate kuonekana, bali upanga na mgeni huwekwa mahali pa kutulia. Zisizoingia katika ukoo wowote, na zifundishwe peke yake.

Na mwenye kufasiri asitafute 'weka' wala 'juu', bali atafute neno ambalo Mswahili angelisema mwenyewe. Kwa 'put up with' tunalo chukuliana, neno ambalo ndani yake mzigo waonekana, na wauchukuao waonekana pia. Afasiriye hivyo amemtendea msomaji wake haki, ingawa hakuna neno lolote la Kiingereza lililobaki mahali pake.