Mrudisheni Samatta Hatua Kumi Nyuma

Taifa Stars, timu ya taifa ya Tanzania, imecheza mechi 13 za fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika tangu ilipotokea kwa mara ya kwanza mwaka 1980 kule Nigeria, na haijashinda hata moja. Imetoka sare tano, imefungwa nane. Mechi kumi kati ya hizo ni za fainali za 2019, 2023 na 2025, yaani zama za nahodha mmoja: Mbwana Ally Samatta.

Anayezitazama namba hizo juu juu atasema nahodha ameshindwa. Mimi nazisoma kwa mfululizo. Mwaka 2019 nchini Misri tulifungwa mechi zote tatu za makundi na kuruhusu mabao manane. Katika fainali za 2023, zilizochezwa Ivory Coast mwanzoni mwa 2024, tuliruhusu manne na kuambulia sare dhidi ya Zambia na DR Congo. Katika fainali za 2025 nchini Morocco tulifungwa 2-1 na Nigeria, tukatoka 1-1 na Uganda, kisha 1-1 na Tunisia, na kwa pointi mbili tukavuka makundi kwa mara ya kwanza katika historia yetu. Wenyeji walitutoa Januari 4, 2026 kwa bao moja la Brahim Díaz. Timu iliyokuwa ikifunguliwa kirahisi imejifunza kufunga mlango. Kinachokosekana sasa ni mtu wa kuiongoza ikiwa na mpira, na naamini mtu huyo tunaye tayari. Tatizo ni mahali tunapomweka.

Wamarekani wana mchezo wao wa futiboli wenye mchezaji anayeitwa kwotabeki. Yeye husimama nyuma ya safu yake ya mbele, uwanja wote ukiwa mbele ya macho yake, naye ndiye anayeamua mpira uende kwa nani na kwa wakati gani. Kwotabeki mmoja, Tom Brady, alitwaa ubingwa wake wa saba Februari 2021 akiwa na umri wa miaka 43. Miguu haikuwa silaha yake. Alikuwa na macho, sauti na kumbukumbu ya maelfu ya mashambulizi aliyowahi kuyaona. Ndivyo mkongwe anavyodumu katika mchezo wowote wa timu: anapewa kazi inayodai kuona kuliko inayodai mbio.

Samatta alizaliwa Desemba 1992. Kombe la Mataifa la 2027, tulilopewa kuandaa pamoja na Kenya na Uganda, litamkuta na miaka 34. Swali la msimu ujao basi si kama bado anaweza kufunga. Swali ni kama benchi la ufundi litamtumia kama kijana wa miaka 26 au kama mzee anayejua njia.

Tuanze na kile kilichomfikisha alipo. Mwaka 2015 TP Mazembe ilipotwaa Ligi ya Mabingwa Afrika, Samatta alifunga katika mechi zote mbili za fainali dhidi ya USM Alger, Algiers na Lubumbashi. Januari 2016 akatangazwa mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara, na mwezi huohuo akahamia Genk ya Ubelgiji. Msimu wa 2018/19 alifunga mabao 23 ya ligi, Genk ikawa bingwa. Novemba 5, 2019 aliifunga Liverpool kwa kichwa pale Anfield, kutoka kona ya Bryan Heynen. Machi 1, 2020 akiwa na Aston Villa aliifunga Manchester City katika fainali ya Kombe la Ligi pale Wembley, akiupigia mbizi mpira wa krosi ya Anwar El Ghazi.

Mabao hayo mawili ya England yanastahili kutazamwa tena na tena, maana yanaeleza aina ya mchezaji huyu. Samatta ana urefu wa kama sentimita 180. Kwa mshambuliaji wa kati wa Ulaya huo si urefu wa kutisha, na mabeki aliokutana nao huko walikuwa na miili mikubwa. Hakuwashinda kwa kimo. Aliwashinda kwa saa, yaani kwa kuuwahi mpira kwa wakati wake. Pale Wembley krosi ilikuja chini ya kifua, urefu ambao beki hajui aitoe kwa mguu au kwa kichwa. Samatta alikuwa ameshaamua kabla ya wote, akajirusha. Pale Anfield ilikuwa kona, mpira wa kutengwa, ambapo anayeuanza mwendo sawasawa ndiye anayeruka peke yake.

Kuwahi kwa namna hiyo hakutoki kwenye mapaja. Kunatoka kwenye kusoma mchezo, na usomaji hauzeeki upesi. Kinachozeeka ni mbio za kurudiarudia: kumkimbiza beki wa kati, kurudi, kukimbia tena nyuma ya mstari, kisha kufanya vilevile dakika ya 75. Tofauti hiyo ndiyo msingi wa hoja yangu yote.

Sasa tuje kwenye uongozi, na hapa nitachukua mechi moja tu, ile ya Juni 27, 2019 mjini Cairo dhidi ya Kenya. Simon Msuva alitutanguliza dakika ya sita. Dakika ya 39 Michael Olunga akasawazisha. Timu nyingi changa zikisawazishiwa hushusha mabega na kusubiri mapumziko. Dakika ya 40 Samatta akafunga la pili. Hilo ni jibu la nahodha: kuinyima timu yake muda wa kuhuzunika.

Lakini mechi hiyo tuliipoteza 3-2. Kipindi cha pili Johana Omolo akasawazisha kwa kichwa, na dakika ya 80 Olunga akamaliza kazi. Tulipohitaji kupoza mchezo, kukaa na mpira na kuwalazimisha Wakenya wakimbie bure, nahodha wetu alikuwa mbele, mgongo ukiliangalia goli la wapinzani, akisubiri mpira ambao haukufika. Namba tisa, mshambuliaji wa kati kama yeye, anaweza kuwajibu wapinzani kwa bao. Kuituliza timu yake akiwa pale ni kazi ngumu mno, kwa sababu mchezo wote uko nyuma yake. Kwotabeki anaona wenzake wakianza kukimbia. Namba tisa anawasikia tu.

Ndiyo maana nasema tumrudishe hatua kumi nyuma, katika nafasi ya namba kumi, chini ya mshambuliaji mwenye mbio. Mabadiliko hayo yanaleta mambo matatu.

La kwanza ni uso wake kuelekea mchezo. Akipokea mpira katikati ya viungo na mabeki wa wapinzani, anaweza kugeuka au kuurudisha kwa mguso mmoja kwa kiungo Feisal Salum, ambaye shuti lake dhidi ya Tunisia limeshatuonyesha hatari yake akipewa nafasi. Samatta ni fundi wa kuulinda mpira kwa mwili. Akiulinda kwa sekunde mbili, mawinga wanapata muda wa kupanda, na mabeki wetu wa pembeni nao wanapumua.

La pili ni presha. Timu ya taifa hukutana kwa siku chache. Mchezaji wa Simba, wa Yanga, wa Azam na wa Ulaya kila mmoja amefundishwa kukaba kwa namna yake, na kocha hana miezi ya kuwaunganisha. Kinachoweza kuwaunganisha haraka ni mtu mmoja anayetoa ishara: akitoka yeye, wote watoke; akisimama, wote wasimame. Ishara zenyewe zinajulikana: beki amepokea vibaya, mpira umerudishwa kwa kipa, beki wa pembeni amegeukia goli lake. Mtu wa namba kumi anaziona vizuri zaidi, na akimfunika kiungo mkabaji wa wapinzani anakata njia yao ya katikati bila kukimbia kilomita nyingi.

La tatu ni mabao yenyewe. Wapo watakaosema kumwondoa Samatta ndani ya boksi ni kuitupa silaha yake kubwa. Sioni hivyo. Hatari yake ni kufika kwenye mpira kwa wakati, na kufika ni rahisi zaidi kwa anayetokea nyuma kuliko kwa aliyekwisha kukabwa. Beki akimfuata namba tisa, namba kumi anaingia katika shimo lililoachwa. Sharti ni kuwa na namba tisa wa kuwasumbua mabeki. Clement Mzize, aliyeibukia Yanga na kufunga mabao yote mawili Stars ilipoilaza Madagascar 2-1 katika CHAN, michuano ya wanaocheza ligi za ndani, Agosti 2025, ana mbio na umri wa kazi hiyo. Msuva naye amekuwa mshirika wa Samatta kwa miaka mingi na anajua mpira wake unakwenda wapi.

Kuhusu dakika, msimamo wangu ni kwamba aanze, asitokee benchi. Mkongwe anayeingia dakika ya 70 hukuta mchezo umeshachukua sura yake, na sauti yake haina tena cha kupanga. Aanze, aipange timu, asome udhaifu wa wapinzani, atoke kati ya dakika ya 60 na 65. Kanuni ya kubadili wachezaji watano inaruhusu. Akitoka, kitambaa kiende kwa mtu wa katikati au wa nyuma aliyekubaliwa mapema kambini, ili timu isibaki yatima dakika 25 za mwisho, zilezile zilizotuumiza Cairo.

Matarajio ya klabu nayo yana uzito. Baada ya Villa alipita Fenerbahçe na Antwerp, akarudi Genk, akaenda PAOK na kutwaa ubingwa wa Ugiriki mwaka 2024, na mwaka 2025 akajiunga na Le Havre ya Ufaransa. Kwa umri huu klabu inayomfaa ni ile inayompa dakika za kutosha kila wiki, hata kama jina lake ni dogo. Kukaa benchi humchakaza mkongwe kuliko kucheza, kwa kuwa saa ile niliyoieleza, ya kuwahi mpira, hunolewa na mechi.

Kwa wenzangu wa Msangeni na milima yote ya Upare, uchambuzi huu usiishie kwenye runinga. Viwanja vyetu vingi vimechongwa ubavuni mwa mlima na havijanyooka. Kuna kipindi cha kucheza kwa kupanda na kipindi cha kucheza kwa kushuka. Kila mwalimu wa michezo anajua kwamba anayekimbia ovyo katika kipindi cha kupanda humaliza pumzi mapema, na kwamba timu inayoshinda huwa na mmoja anayewaambia wenzake lini wabaki na lini waende. Mtafuteni huyo katika vikosi vya mashindano ya shule, UMITASHUMTA na UMISSETA, na msimpe kitambaa kwa sababu tu ndiye mfungaji. Mfundisheni kutazama nyuma ya bega kabla mpira haujamfikia. Mpeni ishara mbili tu, moja ya kukaba juu na moja ya kurudi, na wenzake wote wazijue. Mwekeni mahali anapoona uwanja.

Kwa benchi la ufundi la Stars, muda wa kujaribu ni mechi za msimu ujao kabla ya fainali. Fainali si mahali pa majaribio. Samatta anayesubiri krosi dakika 90 atatupa bao moja moja. Samatta wa namba kumi, kwa dakika 60, anaweza kutupa kile ambacho mechi 13 hazijatupa: ushindi, tena nyumbani.