Hamu Inayonyamazisha Ngoma

Mtu ameketi kitini, kafumba macho, hatikisi hata kidole. Kichwani amebandikwa elektrodi, na nyaya zinashuka hadi kwenye amplifaya. Ukumbi umetulia tuli. Mara, bila kuguswa na mkono wa yeyote, ngoma iliyoegemezwa kwenye spika inaanza kutetemeka: trrr, kimya, kisha trrrrr ndefu zaidi. Upande wa pili upatu unavuma. Yule mtu anafumbua macho, na vyote vinakatika.

Hiyo ndiyo Music for Solo Performer ya mtunzi Mmarekani Alvin Lucier, iliyopigwa mara ya kwanza Mei 1965 katika Chuo Kikuu cha Brandeis, mtunzi mwenzake John Cage akisaidia. Wazo la kutumia umeme wa ubongo lilimjia Lucier kupitia mwanafizikia Edmond Dewan. Wengi huitaja kazi hii kama kioja cha mitambo. Mimi naiona kazi yenye fani iliyosukwa vizuri mno, na naamini maudhui yake yote yamo ndani ya fani hiyo.

Tuanze na malighafi. Wimbi la ubongo liitwalo alfa, ambalo daktari Hans Berger wa Jena, Ujerumani, alilieleza mwaka 1929, hupanda na kushuka mara 8 hadi 12 hivi kwa sekunde. Sikio la binadamu huanza kusikia kwenye mara 20 hivi. Kwa hiyo wimbi lenyewe hatulisikii kamwe. Spika inatikisika, inaitikisa ngozi ya ngoma, na ngoma ndiyo inayosema kwa niaba yake.

Alfa hustawi mtu akitulia na kufumba macho. Akitazama kitu, akipiga hesabu kichwani au akijikaza, hufifia. Hapo ndipo fani inapobana. Mpiga ngoma yeyote huitaka sauti, na kule kutaka ndiko kunakoinua mkono wake. Huyu wa Lucier akiitaka sauti, inamtoroka. Ndiyo maana kazi hii haipandi taratibu hadi kileleni: mirindimo inakuja kwa mafungu, inakatika ghafla, inarudi isipotarajiwa. Kinachonigusa zaidi ni ile mikato. Nikisikiliza kwa makini nahisi kuna wazo limepita, au tamaa ndogo ya kufanikiwa, na mtu anahangaika kuiachilia.

Lakini kuna mtu wa pili, ingawa jina la kazi linadai mpigaji ni mmoja. Msaidizi aliye kwenye vidhibiti huamua wimbi liende spika ipi na kwa nguvu kiasi gani. Yeye ameruhusiwa kutaka. Lucier ameipasua nafsi moja akaigawa kwa watu wawili: mwenye nguvu hana ruhusa ya hamu, na mwenye hamu hana nguvu yake mwenyewe. Sijui utunzi mwingine unaolionyesha jambo hili waziwazi namna hii.

Nina lawama moja, nayo si ndogo. Chujio la mitambo hiyo linapitisha alfa peke yake, ilhali ndani ya fuvu mawimbi huishi kwa kuhusiana. Wanaochunguza hisia hupima jinsi delta ya polepole na beta ya haraka zinavyopanda na kushuka pamoja, na wapo wanaouhusisha ukaribu huo na wasiwasi. Hupima pia tofauti ya alfa kati ya kushoto na kulia kwenye paji la uso. Mmoja wao, Richard Davidson, alihusisha uchangamfu wa upande wa kushoto, yaani alfa kupungua huko, na mtu kukiendea anachokitamani. Baadaye mtafiti mwingine, Eddie Harmon-Jones, akaonyesha kwamba hasira nayo huchangamsha kushoto, ingawa ni hisia chungu, kwa kuwa mwenye hasira husogea mbele. Matokeo hayo yangali yanabishaniwa, lakini hoja ya watafiti hao ni ya msingi: msukumo una mwelekeo. Mwelekeo huo Lucier hakuupa chombo. Ngoma inaponyamaza tunajua kwamba kitu kimeishtua akili, ila hatusikii kama yule aliyeketi alitaka kukifuata au kukikimbia.